Pumzi ya Epifania na Sahani ya Michembe

Kila asubuhi Epifania Mabula, Mama Festo kwa wateja wake, hupandisha ndoo mbili za maji, moja kichwani na moja mkononi, kutoka kisimani hadi kwenye banda lake la chakula. Ni mwinuko wa hatua kama mia mbili. Hatui njiani. Hapa kwenye machimbo madogo ya dhahabu jirani na Kharumwa watu huutazama mwendo huo, kwa sababu mwaka 2021 mwanamke huyu hakuweza kumaliza sentensi bila kuhema.

Julai ya mwaka ule alilazwa siku kumi na moja kwa korona, mtungi wa oksijeni kando ya kitanda. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Kwa miaka tisa alikuwa amewapikia wachimbaji chipsi na nyama katika mafuta yaliyorudiwa hadi yakawa meusi. Yeye mwenyewe alishiba makombo ya kikaangio, akishushia na soda tatu kwa siku.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi Sesilia alimketisha.

"Mama Festo, virusi vimekukuta mwili umeshachokozwa. Mafuta yale na sukari ile huamsha uvimbe wa ndani, usiouona. Korona ikija juu yake, mapafu yanaelemewa."

"Kwa hiyo nimejiletea mwenyewe?"

"Sijasema hivyo. Wataalamu bado wanachunguza. Wapo wanaokula vizuri na wakazidiwa. Ila sukari yako iko juu, na ugonjwa huu ukirudi sitaki kukuona kitandani hapa. Kachanje. Na kikaangio ukiache."

Nyumbani alikuta kreti mbili za soda, kwani huku mgonjwa hutembelewa kwa soda. Akazigawa. Wiki iliyofuata bandani kulikuwa na ugali wa mtama, dagaa, majani ya kunde kwa karanga, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa.

Michembe ndiyo iliyoleta maneno. Kwa wachimbaji hicho ni chakula cha mwaka wa njaa. Anayeshuka shimoni akiwa ameila, wanasema, ataambulia mawe matupu. Ignas, msimamizi wa shimo, aliongoza mzaha.

"Mama Festo, umetoka hospitali au umetoka kwenye ukame?"

"Kula kwanza, ndipo unitukane."

"Dhahabu inikimbie? Na wewe korona ikirudi itakukuta umekonda, itakubeba kama kifaranga."

"Ikirudi ikanilaza zaidi ya wiki, nitakukaangia chipsi. Nikiamka kabla, utakula michembe mbele za watu, halafu ushuke."

"Wabeja, mama!" Ignas alishukuru kwa Kisukuma, akicheka. "Mmesikia wote!"

Nusu ya wateja walihamia banda la pili. Epifania alichanjwa, akaendelea na chungu chake. Kufikia Desemba alikuwa amepungua kilo tisa, na sukari ilikuwa imeshuka.

Januari 2022 kipimo kilionyesha korona tena. Homa ilimshika siku mbili, kikohozi siku nne. Sesilia alipita kila siku na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni: tisini na sita, tisini na saba, tisini na saba. Mtungi haukuhitajika.

Muuguzi huyo hakubali kuipa sahani ushindi wote. "Kuna chanjo, kuna uzito uliopungua, na virusi vya wimbi lile vilikuwa vyepesi kwa wengi. Chakula kina sehemu yake. Siwezi kuipima."

Epifania habishani. "Mimi nazijua pumzi zangu za Julai na za Januari," anasema.

Siku ya saba kikohozi kilikuwa kimekwisha. Siku ya nane Ignas alikuwa ameshajitangaza mshindi, akidai hesabu ya wiki imepita.

"Nilisema kulazwa," Epifania alimjibu kutoka mtelemkoni, ndoo kichwani, nyingine mkononi. "Niliamka siku ya tano. Muulize Sesilia."

Alipanda hadi bandani akiongea njia nzima. Hakutua. Wachimbaji wakapiga makofi, na Ignas, kabla hajaambiwa, akanawa mikono.

Alikula michembe akiwa amesimama, akashuka shimoni. Mchana alipanda na mawe ya kawaida, si mazuri wala mabaya kuliko ya jana.

"Mama Festo, imebaki?"

"Panga foleni."