Upande wa Nyuma wa Paa

Ayaa anafanya kazi katika chumba kilicho nyuma ya duka la kuchapisha, Wandegeya, karibu na soko. Anatengeneza nyumba ndogo za mfano. Wanafunzi wa usanifu majengo humletea michoro yao, na kampuni za ujenzi humletea maghorofa ambayo bado hayajachimbiwa hata msingi. Yeye huyajenga kwa kadi, mbao nyembamba na gundi, mpaka yawe vitu vya kuwekwa mezani watu wayazunguke.

Wenzake katika kazi hiyo hutumia muda mwingi kwenye milango na madirisha. Ayaa hutumia wake kwenye paa. Ukisimama mbele ya nyumba ya mfano, husema, jicho lako linaanzia juu, kwa hiyo paa likiwa la uongo, nyumba yote ni ya uongo.

Mapaa yamemshughulisha tangu utotoni. Alizaliwa katika kambi ya polisi, baba yake, Sajini Ocira, akiwa mtu wa Kitgum. Kambini watu walitoka kila pembe ya nchi, Waislamu kwa Wakristo, wakaelewana kwa Kiswahili kile kisichojali sana ngeli, ambacho Ayaa anakizungumza mpaka leo. Nyumba zao zilikuwa za bati tupu. Mvua ikinyesha, mazungumzo yalikatika, kwa kuwa hakuna aliyemsikia mwenzake. Siku moja alimwuliza baba yake kwa nini nyumba za kilimani zilikuwa nyekundu juu.

“Yale ni mategula,” baba yake alimjibu. “Vigae vya udongo. Mvua ikianguka pale, mtu wa ndani hata hajui.”

Jibu hilo halikumtosha. Mawingu yalipokusanyika tena, alipanda kilima, akaegemea ukuta wa nyumba ya watu na kutega sikio huku akilowa. Mama mwenye nyumba akatoka na mwavuli, akamwuliza alikuwa akitafuta nini.

“Nasikiliza,” akasema Ayaa.

Yule mama alimtazama, akamwingiza ndani ili asikilize vizuri.

Basi huyo ndiye mtu aliyeendewa na Hajati Kulthum. Hajati ana duka la vitambaa Nateete, na ukoo wake ni wa wafanyabiashara waliotoka pwani vizazi vingi vilivyopita, wakaoa na kuzikwa Buganda. Alikuja amejifunga mtandio wa samawati, na mkononi alikuwa na picha moja iliyofifia. Picha ilionyesha nyumba yenye baraza pana, na juu yake paa la rangi ya kijivu.

“Hii ndiyo nyumba tuliyozaliwa,” alisema. “Ilibomolewa, sasa pale kuna ghala. Nataka unitengenezee ndogo, mwanangu, iwe tayari kabla ya Idi.”

Ayaa aliipeleka picha dirishani. “Hajati, hii paa si bati. Si mategula pia.”

“Ni vibao. Babu alivileta kutoka upande wa Kenya. Mwerezi.”

Ayaa alikuwa amesikia tu habari za mapaa ya vibao vya mbao. Maswali yakamtoka mfululizo. Vibao vilikuwa vipana kiasi gani? Vilipangwa vipi? Vilipozeeka vilijikunja? Upande wa nyuma, ambao haukuonekana kwenye picha, ulikuwaje?

“Ulikuwa kama wa mbele,” alijibu Hajati. “Paa zuri, limenyooka. Baba hakupenda kitu kilichopinda.”

Ayaa aliijenga. Kuta zilimwendea vizuri, na baraza pia. Kwa paa alikata kadi ngumu kuwa vipande vidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, akavibandika safu juu ya safu, akavipaka rangi ya kijivu na kuvifuta kwa sponji ili vionekane vimepigwa jua. Alipomaliza, alirudi nyuma kidogo, akaridhika. Akaiweka nyumba ndani ya boksi na kuipeleka Nateete.

Nyuma ya duka la Hajati palikuwa na sebule. Kwenye kiti alikaa mwanamume mwenye kofia ya kufuma, mikono juu ya magoti. Alikuwa Habib, mdogo wake Hajati.

“Mletee,” Hajati alisema. “Ni yake.”

Ayaa alimwekea nyumba mbele yake. Habib hakuitazama. Alinyoosha mikono polepole mpaka vidole vikagusa ukingo wa baraza, na hapo ndipo Ayaa alipoelewa kwamba haoni. Kisukari kilikuwa kimemchukua macho.

“Hajati, mbona hukuniambia?” Ayaa alinong'ona.

“Ningekuambia, ungetengeneza kitu cha kipofu. Nilitaka nyumba.”

Vidole vya Habib vilipita mlangoni, vikahesabu nguzo, vikaingia dirishani. Uso wake ulikuwa umechangamka. “Hapa alikaa bibi,” alisema. “Hapa palikuwa na mtungi.” Kisha mikono ikapanda juu ya paa, ikasimama.

“Hili ni boksi,” alisema.

“Ni kadi, Mzee. Nimepaka rangi ya kijivu, ile ya kwenye picha.”

“Itakuwa nzuri, sina shaka. Lakini mimi rangi siijui tena. Paa lile nililijua ngozi yake. Nilikuwa natoka kwa dirisha la stoo, napanda, nalala kule juu nikikwepa kutumwa dukani.” Akaupitisha mkono hewani kana kwamba paa lenyewe lilikuwa pale. “Ukipapasa kutoka juu kwenda chini, mkono unateleza. Ukirudisha kutoka chini kwenda juu, vidole vinakwama kwenye kila ncha. Hapa havikwami.”

Ayaa hakukumbuka hata kuona aibu. Alivuta kigoda, akaketi karibu na magoti ya Habib. “Zile ncha zilikuwa sawasawa, ama moja ndefu, moja fupi?”

“Hazikuwa sawa hata kidogo.”

“Na mbao yenyewe ilikuwa laini?”

“Ilikuwa na mistari, kama kitambaa cha kitani. Na jua likiwaka, ilinukia.”

Waliongea mpaka chai ikapoa. Hajati aliingia na kutoka kuwahudumia wateja, na kila akirudi aliwakuta wawili hao wakipapasa kitu kisichokuwepo. Ayaa aliondoka na nyumba yake ndani ya boksi. Miaka yote alikuwa ametengeneza mapaa ya macho. Hakuwahi kujiuliza paa liko vipi mkononi.

Kesho yake alikwenda Kawempe kwa Kidega, fundi seremala aliyekuwa akimwuzia mabaki ya mbao. Kidega alifukua nyuma ya karakana yake, akatoa ubao wa kabati kuukuu.

“Mwerezi huu,” alisema. “Nusa.”

Ayaa akanusa, akacheka peke yake.

Kwanza aliukata ubao kwa msumeno mdogo. Vipande vilitoka vimenyooka, na uso wake ulikuwa laini, umekufa. Akafumba macho, akapapasa, akavitupa. Alipomrudia Kidega, fundi alimwambia kwamba vibao vya zamani havikukatwa, vilipasuliwa. Ukipasua, mti wenyewe ndio unaochagua njia. Basi Ayaa akaviloweka vipande, akaweka patasi nyembamba kwenye mstari wa mti na kuigonga kidogo. Tak! Kibao kikaachia, chembamba upande mmoja, kinene upande wa pili, na juu yake mistari ile ya kitani.

Alianzia ukingo wa chini, safu mbili moja juu ya nyingine, ili upande unaomwaga maji uwe na nguvu. Kila safu iliyofuata aliisogeza kidogo, isije nafasi ya juu ikakutana na nafasi ya chini, maana maji hupenda njia iliyonyooka. Baadhi ya vibao vilipokauka vilijikunja ncha, akaviacha. Rangi hakuipaka. Alichemsha majani ya chai, akayapaka, halafu akapitisha siki iliyolowekwa misumari yenye kutu. Mbao zikageuka kijivu mbele ya macho yake, kana kwamba masika mengi yalikuwa yamepita pale mezani kwa dakika chache. Hakuhitaji kufanya hivyo kwa ajili ya Habib. Alitaka tu kujua kama ingewezekana.

Aliporudi Nateete, Habib alianzia juu ya paa moja kwa moja. Alipapasa kwenda chini. Akapapasa kwenda juu, na vidole vikakwama. Akainama mpaka pua ikagusa vibao, akakaa hivyo muda mrefu. Hajati aligeuka upande wa duka, akajifanya anakunja kitambaa.

Kisha mikono ya Habib ikavuka kilele, ikashuka upande wa nyuma. Ikatafuta, ikarudi, ikatafuta tena.

“Bati liko wapi?” aliuliza.

“Bati gani?” Hajati alisema. “Nyumba yetu haikuwa na bati.”

“Ilikuwa nalo, dada. Huku nyuma, juu ya stoo.”

“Habib, nimekuzidi umri. Naikumbuka nyumba ile vizuri kuliko wewe.”

“Unaikumbuka kutoka uani. Uliwahi kupanda?”

Hajati akakiweka kitambaa chini. Ayaa aliwatazama wote wawili, na hakuweza kujizuia. “Mzee, bati ilifika vipi pale?”

Habib alivua kofia, akaiweka gotini. Ilikuwa mwaka wa vita, alisema, wakati majeshi yalipokuwa yakiukaribia mji. Kulthum alikuwa amepelekwa Jinja kwa shangazi. Baba yao alikuwa amekwenda Mwanza kutafuta bidhaa, mpaka wa nchi ukafungwa, akabaki huko huko. Nyumbani walibaki mama yao, Bi Raisa, na yeye Habib, mtoto mdogo tu. Ikaja dhoruba, tawi la mti wa jirani likaanguka na kutoboa paa. Maji yakaingia stoo, penye magunia ya mchele waliyotegemea. Mafundi wote walikuwa wamekimbia mji.

“Mama akapanda,” Habib alisema.

“Mama yupi?” Hajati aliuliza.

“Mama yetu. Alivaa suruali ya baba, akaifunga kwa mkanda wa kanga. Akaweka meza juu ya pipa, akapanda. Alikuwa amepasua madebe ya mafuta na kuyanyoosha kwa jiwe. Mimi nilikaa dirishani, nikimpa misumari.”

Hajati alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Mama yao, alimweleza Ayaa baadaye, hakuwahi hata kuchungulia barazani bila kujitanda. Kichwani mwake Hajati hakuweza kumtia mwanamke yule ndani ya suruali, kisha ampandishe juu ya paa, tena mchana, mizinga ikilia ng'ambo ya mji.

“Kwa nini hukuniambia?” alimwuliza mdogo wake.

“Aliponishika mkono tukashuka, aliniambia, ‘Ya juu ya paa yabaki juu ya paa.’ Baba aliporudi, hakupanda kamwe. Na nyuma kule kulikuwa na migomba, huwezi kuona.” Habib akatabasamu. “Nilidhani nimesahau. Huyu binti ndiye aliyeniletea, na vibao vyake.”

Ayaa alikuwa bado na swali moja. “Misumari alipiga vizuri?”

“Yote ilipinda,” alisema Habib. “Mama hakuwahi kushika nyundo.”

Hapo Hajati akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na ikawa vigumu kujua ni machozi ya namna gani.

Siku chache baadaye Hajati alikwenda Wandegeya mwenyewe. Ayaa alikuwa amekata mkebe wa nyanya, akaugongagonga mpaka ukawa mwembamba kama karatasi na kuukata viraka vidogo. Nyumba alikuwa ameirudisha kwake, na juu ya stoo alikuwa ameng'oa vibao vichache. Shimo lilikuwa wazi.

“Niachie mimi,” Hajati alisema.

Alivaa miwani, akashika koleo dogo. Mikono yake ilikuwa imezoea kupima vitambaa, si bati. Kiraka cha kwanza kilikaa upande, cha pili kikakipanda cha kwanza. Gundi ilimwagika. Mkono wa Ayaa ulinyanyuka kwenda kunyoosha, akaurudisha na kuukalia.

“Imepinda?” Hajati aliuliza.

“Imepinda sana, Hajati.”

“Vizuri.”

Siku ya Idi nyumba iliwekwa kwenye meza ndogo sebuleni, Nateete. Ayaa alialikwa. Watu wa ukoo waliingia, wakala pilau, wakaizunguka nyumba na kulisifu baraza lake. Faizal, mtoto wa kwanza wa Hajati, aliona mama yake ameuelekeza upande wa mbele wa nyumba ukutani, na upande wa nyuma ndio uliowatazama wageni. Akataka kuigeuza.

“Usiiguse,” Hajati alisema. “Njoo kwanza nikuonyeshe. Fumba macho, lete mkono.”

Faizal alifumba. Mama yake akauongoza mkono wake, kutoka chini kwenda juu, mpaka vidole vilipoacha mbao na kukutana na chuma baridi.

“Nini hii?” aliuliza.

“Muulize mjomba wako,” Hajati alisema, akaketi karibu na Habib asikilize tena.