Mtaalamu kashindilia mashine, mashine ikamtapikia

Jamani, leo nimefundishwa kazi yangu na mtu mwenye viatu vyeupe.

Mnajua naendesha mashine ya chakula cha kuku hapa Utemini. Ndani kuna skrubu mbili zinazosukuma mashudu ya alizeti na pumba, zinakanda kwa moto, halafu vidonge vinatokea mbele.

Asubuhi bosi kaleta mtaalamu. Akachungulia ndani, akaona nafasi ya skrubu imejaa nusu tu.

"Dada, mbona mnasaga hewa?"

Nikamwambia, "Kaka, tunalisha kidogo kidogo makusudi. Kule mbele panajaa penyewe. Ukijaza mpaka nyuma, mzigo utakosa njia."

Akacheka. "Mimi haya nimeyasomea."

Akafungulia malisho yote!

Dakika chache tu, mota ikaanza kuguna. Mtaalamu akainama kwenye tundu la juu la kutolea mvuke ili asikilize vizuri. (Msiniulize kwa nini.)

Uji wa mashudu ukamrukia shati zima. Mashine ikazima.

Bosi akaja mbio. "Nani kafanya hivi?"

Mtaalamu, mashudu kidevuni, akaninyooshea kidole MIMI! Nikaona kibarua kinaota nyasi.

Bosi akamtazama kidevu, akamtazama shati.

"Zuhura, mpe mtaalamu spana na brashi ya waya."

Masaa manne kakwangua skrubu, jasho linamtiririka. Mimi nimekalia gunia, nakunywa chai na wapakiaji wetu wa magunia, namwelekeza: "Hapo umeruka, kaka."

Haya semeni ukweli, nilikosea kumwita "profesa" mbele ya wapakiaji?