Simu Ambazo Lavada Hakuzipokea

Lavada Crume alichuna kambare miaka ishirini na sita katika kiwanda cha samaki cha hapa kwetu, amesimama kwenye maji baridi na kisu mkononi, wala hakuna siku aliyoingia kazini amechelewa. Nalisema hilo kwanza, kwa sababu watu wa siku hizi wakimtaja husema "yule mama wa mfungwa," kana kwamba alizaliwa na jina hilo. Mimi Ozella nimekaa naye jirani miaka arobaini, jikoni kwake ni kama kwangu. Shule niliishia darasa la nne, lakini haya niliyaona kwa macho yangu na hakuna wa kuja kunisahihisha.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Orlandis. Huyo kijana aliwaendesha wenzake kwenye gari lake mpaka dukani, ng'ambo ya mto, upande wa jimbo la Mississippi. Wenzake wakaingia na bastola, yeye kabaki kwenye usukani. Hakimu wa huko akampa miaka ishirini. Sisi tuko Arkansas, na ukipanda juu ya tuta nyuma ya kanisa unaiona Mississippi kwa macho. Lakini gereza lenyewe liko mbali ndani, mwendo wa saa tatu, na Lavada hakuwahi kuwa na gari.

Mwanzoni alikuwa akipanda basi dogo la kanisa lililowapeleka akina mama kuwaona watoto wao. Basi likafa, nyonga ya Lavada nayo ikaharibika. Ikabaki simu.

Sasa simu ya gerezani haikuwa kama simu yako na yangu. Mlipaji alikuwa yule anayepigiwa, na dakika kumi na tano zilikuwa dola kumi na saba. Kumi na saba! Lavada alikuwa akichuna samaki zaidi ya saa mbili ili asikie mwanawe akisema chakula cha huko hakina chumvi. Na alikuwa anapokea kila simu, mpaka kampuni ya simu ikamkatia laini katikati ya Januari.

Nilimkuta amekaa jikoni na koti, jiko limezimwa kubana pesa.

"We Lavada, una akili kweli?" nikamwambia. "Unawalisha wezi."

"Nimwache mtoto aongee na ukuta, dada Ozie?"

"Nani kasema umwache? Si ile mashine inakusomea jina kabla hujakubali? Basi sikia jina, weka simu chini. Hujalipa hata senti, na umeshajua yu hai."

Akanitazama kama nimemwambia akaibe sadaka. Lakini laini iliporudishwa alimfikishia Orlandis habari hiyo, nao wakapatana. Atapiga kila Jumapili saa nane mchana, baada ya ibada. Akipiga mara moja, mambo ni mazuri, mama aweke simu chini. Akipiga mara mbili mfululizo, kuna shida, mama apokee.

Wazo lilikuwa langu. Sijawahi kulikana na silikani leo.

Basi kila Jumapili Lavada alirudi kanisani, akavua kofia yake ya zambarau, akaweka mkate wa mahindi mezani, akakaa chini ya ile simu ya ukutani. Saa nane inalia. Mashine inasema kwa sauti ya yule mwanamke asiye na damu: "Una simu kutoka kwa," halafu inaingia sauti ya Orlandis mwenyewe, "Orlandis Crume," halafu mwanamke tena, "mfungwa wa gereza la jimbo. Ukikubali kulipia, bonyeza tano." Lavada anaweka simu chini. Halafu ananiambia habari.

"Leo ana mafua."

Au, "Leo kafurahi. Umesikia alivyolivuta jina mwishoni?"

Nami nilikuwa nasikiliza pia, sikio langu karibu na lake, na tulikuwa tunabishana mpaka chakula kinapoa.

"Huyo kachoka," nasema mimi. "Sauti imelegea."

"Hajachoka. Ameshiba. Orlandis akishiba ndivyo anavyoongea tangu mdogo. Wewe huna mtoto, utajuaje?"

"Sina mtoto, lakini nina masikio."

Kuna Jumapili moja ya Pasaka aliniambia mwanawe anazeeka, sauti imekuwa nzito kama ya marehemu baba yake. Nikasikiliza, nikaona ni kweli. Naapa, niliona ni kweli. Miaka yote hiyo hakupiga mara mbili hata siku moja, na Lavada alilala usingizi wake.

Mwaka elfu mbili na kumi na nne, mwezi wa pili, mke wa mchungaji alisimama na gazeti kanisani baada ya matangazo ya wagonjwa. Akasoma kwamba wakubwa wa Washington wanaosimamia mambo ya simu wameweka sheria. Simu ya mfungwa inayovuka mpaka wa jimbo sasa ina kikomo cha bei, na dakika kumi na tano hazitafika hata dola nne. Kanisa lote likapiga makofi. Dada Arlessa, aliyekaa mbele yetu, akauliza na wa kwake aliye gereza la humu humu Arkansas je? Mke wa mchungaji akaangalia gazeti, akasema hiyo haivuki mpaka, bei yake ni ile ile. Arlessa akaketi. Sijui ni akili gani iliyofanya mtoto aliye mbali awe nafuu kuliko aliye karibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Lavada alitoka pale akitembea kama hana nyonga mbovu.

"Leo napokea," akasema.

"Pokea, mama. Na umwambie mimi nasema ajifunze kuandika barua."

Saa nane ikalia. Mashine ikaanza maneno yake. "Orlandis Crume." Sauti ile ile, nzito, imeshiba. Lavada akanikonyeza, akabonyeza tano.

Kwa mbali milango ya chuma na watu wengi wakipiga kelele. Halafu mtu akasema, "Ee Mungu wangu."

Hakuwa Orlandis.

"Nani wewe?" Lavada akauliza.

"Mama... samahani, Mama. Hatukutegemea utapokea."

"Nimekuuliza nani wewe! Mpe mwanangu simu."

"Naitwa Hosea, Mama. Nakaa naye chumba kimoja. Yuko hapa ubavuni kwangu."

"Basi mpe simu! Umeiba simu ya mwanangu? Umemfanya nini?"

Mimi nilishika ukingo wa meza. Niliwaza wamemuua, na huyu ndiye anayetumia jina lake. Lavada naye aliwaza hivyo hivyo, niliona midomo yake ikibadilika rangi.

"Mama, hawezi kuongea," akasema yule Hosea. "Alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia wote umelala, na mdomo. Anasikia, anaelewa, ila maneno hayatoki."

"Muongo wewe! Nimemsikia sasa hivi. Kataja jina lake hapa sikioni mwangu, sasa hivi!"

"Hiyo ni mashine, Mama." Yule bwana alikuwa karibu kulia. "Jina wanakurekodi mara moja tu, siku ya kwanza unapoletwa. Baada ya hapo inatoa lile lile kila ukipiga. Hiyo ni sauti yake ya miaka minane iliyopita."

Lavada hakuanguka. Aliteleza tu ukutani taratibu mpaka akakaa sakafuni na gauni lake la kanisani, simu bado sikioni, waya umenyooka juu yake.

Miaka minane. Yale mafua, ile furaha, ile Pasaka ya sauti ya baba yake, vyote vilikuwa neno moja lililosemwa mara moja na kijana aliyekuwa na hofu siku anaingizwa. Mkwaruzo wa laini ndio tuliokuwa tunaugombania.

"Nipe nimsikie," Lavada akasema kwa sauti ndogo.

Tukasikia simu ikisogezwa. Ikaja pumzi. Halafu mlio, sijui niuandikeje, kama mtu anayesukuma kitu kizito kwa kifua: "Mmmaa." Na tena. "Mmmaa."

Nilimnyang'anya simu, maana Lavada alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hosea! Tangu lini?"

"Mwaka juzi, mama. Julai."

"Mwaka juzi! Na kwa nini hakupiga mara mbili? Si walipatana?"

"Alikataa. Mimi ndiye ninayembonyezea namba kwa sababu mkono wake umekufa. Nilimwuliza, nipige tena? Akatikisa kichwa. Kila Jumapili namwuliza, kila Jumapili anatikisa kichwa. Anataka tu mama yake asikie lile jina, aende akale."

Yule mwanamke asiye na damu akaingia kati, akasema imebaki dakika moja. Lavada akaniomba simu kwa mkono. Nilidhani atalia. Alisema, "Orlandis, mimi ni mama yako, na mimi na wewe tutaonana," kama alivyokuwa akimwambia utotoni akivunja dirisha la mtu. Laini ikakatika.

Jumatatu tulipiga gerezani. Mtu wa zahanati akasema hawezi kutoa habari za mgonjwa bila mgonjwa mwenyewe kutia sahihi.

"Mgonjwa mwenyewe mkono wake umekufa," nikamwambia.

"Ndiyo sheria, bibi."

"Na hiyo sheria ilikuwa wapi Julai, mlipotakiwa kumwambia mama mtu?"

Akakata. Mtu mzima, na kazi ya serikali, ananikatia mimi simu.

Jumamosi nilimpakia Lavada kwenye gari langu la kubebea mizigo, ambalo leseni yake ni habari nyingine na ndiyo iliyonizuia miaka yote hiyo, tukavuka daraja. Njiani nilianza kusema. Nilisema, "Lavada, lile wazo la kuweka simu chini..."

"Endesha gari, dada Ozie."

Nikaendesha. Hatujalizungumza tena hadi leo, na sidhani kama tutalizungumza.

Walimleta kwenye kiti cha magurudumu. Ana miaka arobaini na nne, lakini nywele zimekuwa nyeupe nusu, na uso umeteremka upande mmoja kama pazia lililong'oka. Alipomwona mama yake akageuza kichwa ukutani asionekane. Lavada akazungukia upande ule, akakaa pale pale alipogeukia. Akamshika kidevu. Akamfungua mdomo akaangalia meno, akainua mkono mbovu akaangalia kucha. Zilikuwa zimekatwa vizuri. Nguo zilikuwa safi. Kidonda hana.

"Nani anakukata kucha?" akauliza. Kisha akataja mwenyewe, "Hosea?"

Orlandis akaitikia kwa kichwa, machozi yanamwingia mdomoni.

"Anakulisha?"

Akaitikia.

"Ana mama, huyo Hosea? Ana mtu wa kumpigia?"

Orlandis akatikisa kichwa, hana.

"Basi mwambie..." Lavada akakatiza, akakumbuka kwamba hawezi kusema. Akamgeukia askari aliyekuwa mlangoni. "Kijana, njoo uniandikie namba yangu kwenye karatasi. Mpelekee Hosea, aiweke kwenye orodha yake ya watu wa kuwapigia."

"Mama, hairuhusiwi kumpa mfungwa..."

"Kijana wangu ana kiharusi tangu Julai ya mwaka juzi, na wewe unaniambia kipi hakiruhusiwi? Andika."

Sijui kama karatasi ile ilifika kwa njia ya halali. Ninachojua, Jumatano iliyofuata simu ikalia, na alikuwa Hosea.

Toka hapo Jumapili ni ya Orlandis. Lavada humweleza mambo ya mtaa kwa dakika kumi na tano, naye huvuta pumzi upande wa pili. Jumatano ni ya Hosea, kutoa taarifa. Na Lavada humhoji Hosea kama polisi. Amekula nini, amesimama dakika ngapi, zahanati walikuja au walisema tu watakuja. Tena amemkataza kumfurahisha. "Ukinidanganya hata mara moja nitajua," anamwambia, na mimi huangalia pembeni, maana sote tunajua mashine ilivyomdanganya asijue.

Jumatano ya wiki iliyopita nilikuwa pale nikimenya viazi vitamu. Hosea alikuwa anacheka mwenyewe.

"Mama, juzi nilimmwagia supu ya moto kwenye paja, bahati mbaya. Katamka neno. Zima kabisa, limenyooka!"

Lavada akaacha kupumua. "Neno gani?"

"Ah, Mama, siwezi kulisema mbele ya mama mtu."

"Hosea Tibbs, sema hilo neno!"

Akalisema. Nililisikia mpaka kwenye sinki, na kisu kikaniponyoka. Ni neno ambalo katika nyumba ile halijawahi kutamkwa na mtu yeyote, si baba wala mgeni.

Lavada, shemasi wa kanisa miaka thelathini, alishusha simu kifuani, akanigeukia na macho yamemtoka.

"Dada Ozie," akasema. "Mwanangu katukana."