Mwanafunzi wa Dadangu

Kutoka kwetu Kitale hadi Bungoma si mbali, lakini mimi, mtu aliyeishia kidato cha nne na kiti cha plastiki kibarazani, nilikuwa nimefika huko mara mbili tu, zote kwa matanga. Mara ya tatu nilipelekwa na kozi ya dadangu mdogo.

Alisomea kilimo huko, katika tawi la chuo kikuu. Somo la kuhifadhi nafaka lilikuwa limemwangusha: muhula mzima kunakili noti, kisha mtihani mmoja. Sasa alilirudia, na akianguka tena angefukuzwa. Ila mhadhiri mpya alikuwa amelipanga upya. Kila mwanafunzi atafute mtu asiyesoma chuo, amfundishe kila wikendi, na mwishoni amlete aulizwe maswali. Alama nyingi zingetoka kinywani mwa mtu huyo.

"Na ukanichagua mimi?"

"Si wewe ndiye hupatikana nyumbani saa zote?"

Wikendi ya kwanza alinisomea noti. Nikamuuliza mahindi yaliyoanikwa yakakauka hupataje unyevu tena ghalani, na hakuna aliyeyamwagia maji. Akafungua daftari, akalifunga.

"We sema tu vile nimesoma, bana."

"Mwalimu, nimekuuliza."

Hakujua. Hilo lilinishangaza kuliko mahindi: mtu ajaze kurasa nne za jambo na lisimguse akili? Jumamosi iliyofuata alirudi na jibu, kwamba gunia hunyonya unyevu wa sakafu ya udongo, pamoja na chumvi na chupa kavu ya kupimia. Ukitia mahindi na chumvi ukatikisa, chumvi ikiganda kwenye kioo, bado hayajakauka. Nilipima mahindi ya majirani hadi wakaanza kunificha magunia.

Siku yenyewe mhadhiri aliniuliza nitajuaje kama gunia limekauka. Nikaeleza chupa yangu kwa madaha.

"Hayo mahindi ya chupani umeyatoa wapi?"

"Juu ya gunia."

"Na ya chini je?"

Dadangu aliinamisha kichwa. Hatukuwahi kufika hapo; nami, bingwa wa maswali, sikuwahi kuuliza.

"Sijui," nikasema. "Lakini ya chini yanalalia sakafu, na sakafu ndiyo inaleta unyevu. Afadhali nitoe juu, katikati na chini, kila moja nitikise peke yake."

Mhadhiri akamgeukia dadangu. "Hiyo ulimfundisha?"

"Ya sakafu, ndiyo. Hiyo nyingine ametoa mwenyewe."

Mhadhiri akaandika kitu, akaita wanaofuata.

Dadangu alipita, kwa alama ambazo mpaka leo anadai ati ni zake.