Kinga ya Meno Iliyochemshwa

Jirani yetu muuguzi hana adui duniani isipokuwa vijidudu. Maji ya kunywa anachemsha, vijiko anachemsha, hata leso yake ya pua. Akikusalimia, harufu ya klorini inakufikia kabla ya sauti yake. Lakini usingizini anasaga meno kama mashine ya mihogo, ndiyo maana mkewe, Mama Naomie, alimtuma mjini Kindu kwa pikipiki akatengenezewe kinga ya plastiki ya kuvaa mdomoni akilala. Tangu arudi, mama huyo alikuwa analala. Sisi majirani pia. Daktari wa meno alimwagiza aioshe kwa sabuni na maji baridi tu. Kila asubuhi aliisugua uani kwa mswaki laini, akaiinua juani, akatikisa kichwa kwa mashaka. Maji baridi yanaua nini?

Jumapili, tukitoka misa, tulimkuta amechuchumaa mbele ya mbabula, jiko la makaa, makala yamewaka, sufuria inatokota. Aliitoa kinga kwa kijiko. Ilikuwa imejikunja kama dagaa aliyekaangwa.

"Sasa iko safi," alisema. "Mikrobe yote imekufa."

"Na yenyewe imekufa, Baba Naomie!" mkewe alilalamika. "Miye nitalala wapi sasa?"

Mama yangu akamwita juu ya ua: "Kuja ulale kwetu, dada. Lakini hata huku anasikika."

Muuguzi alijaribu kuivaa. Ikagoma. Akaipangusa pole pole, akaifunika kwa kitambaa safi, kisha akanigeukia.

"Mudogo wangu, maji hayo usimwage. Yamechemka vizuri."