Mchikichi Ukikuita

Nilipokuwa mtoto kule Rumonge, Burundi, miaka ya mwanzo ya uhuru, Bibi alituambia kwamba mchikichi ulioachwa bila kukatwa mikungu yake humwita mwenyewe. Chikichi zikiiva kupita kiasi zinaanza kudondoka: pu, pu. Mgonjwa akisikia, asiitike. Akiitika, mti unamchukua.

Mvua za mwaka mmoja Baba alishikwa na homa. Tuliuza mbuzi wetu tukapata sindano dispanseri. Homa ikapoa, kisha ikarudi. Muuguzi alisema sindano ziendelee. Tungezilipia kwa kitu gani? Mali iliyobaki ilikuwa juu ya michikichi, na aliyeweza kupanda nyumbani kwetu alikuwa Baba peke yake.

Jirani yetu Musa alipita, akachungulia shambani.

"Eh, Baba Zuena! Michikichi yako imeota ndevu kama shehe."

"Nikatie basi," Baba alisema kutoka mkekani.

"Nitakata. Nusu yako, nusu yangu."

"Nusu! Kwani ulipalilia wewe?"

Musa akacheka, akaenda zake. Mama alimsihi Baba akubali. Baba akageukia ukutani.

Asubuhi moja tulikuwa uani tukianika ndagala, vile visamaki vya ziwani, chikichi zikaanza kudondoka nyuma ya nyumba. Pu. Pu. Ndani, Baba akasema taratibu, "Ndiyo, nakuja."

Bibi aliacha samaki. "Nani amekuita?"

"Hakuna, Mama. Nakata mikungu miwili tu, ya sindano."

"Mwanangu, usiitike!"

Alikuwa amekwishachukua kamba na panga. Alipanda vizuri kama siku zote, hata Mama akaanza kutabasamu. Huko juu homa ikamtetemesha. Niliona panga likitangulia kuanguka.

Baada ya mazishi Musa alikuja kuikata mikungu yote. Alituachia yote, hakutaka nusu yake, wala hakutuangalia usoni.

Bibi alikufa akiamini kwamba mti ulimchukua mwanawe. Mimi nimefundisha watoto miaka mingi habari za mbu na maji yaliyotuama, na sijapata kuwaambia kwamba miti inaita. Lakini nikiikumbuka sauti ya Baba akijibu, simcheki Bibi. Homa peke yake ingemlaza. Kilichomwinua mkekani ni ile sindano, na malipo yake yalikuwa kule juu, yanaoza.