Mazoezi ya Kwenda Watamu

Msinicheke kabla sijamaliza. Tangu nisikie kwamba Januari bahari ya Watamu inatulia na mvua za Aprili zinakuwa bado, sikaliki. Mwalimu mzima nikaanza mazoezi: kila alfajiri nabeba begi zito mgongoni, nafuata vijia vya Shinyalu hadi ukingoni mwa msitu, nisije nikaaibika mbele ya walimu wenzangu tutakaosafiri nao.

Mume wangu, aliye kazini Ekero, nilimwambia. Mama mkwe sikumwambia. Angeniuliza bahari ina nini. Basi wiki nzima akawa ananiona nikitoka na begi limejaa. Huku kwetu, mke anayetaka kutoroka huhamisha vitu hivyo hivyo, kidogo kidogo. Akampigia baba yangu simu.

Jumamosi nikarudi natiririka jasho, nikamkuta baba sebuleni, ingokho, kuku wa wageni, imeshachinjwa kwa heshima yake.

"Mwanangu, nani amekukosea hapa?"

"Hakuna, baba. Nafanya mazoezi ya safari ya baharini."

"Na kwenye begi kuna nini?" akauliza mama mkwe.

Akalifungua mwenyewe, akatoa jiwe lake la kusagia wimbi, lile alilolitafuta wiki nzima, nami nikimsaidia kulitafuta hadi chini ya vitanda.